Mgonjwa wa Moyo Akirudi Nyumbani, Kazi Ndo Inaanza

Leo sitaandika kuhusu bei ya kakao wala mbegu ya mpunga, ingawa vyote vitatajwa humu. Naandika kuhusu mgonjwa wa moyo aliyeruhusiwa hospitali akarudi kijijini, na kuhusu wewe kijana mwenye shamba. Ni wewe utakayemlisha, utakayelipa nauli ya kliniki na utakayeamua nani ashike kazi alizoziacha.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Siku 30 za kwanza baada ya mgonjwa kuruhusiwa ni kipindi cha kazi. Kinahitaji bajeti, daftari na msimamizi kama msimu wowote wa shamba. Nyumba nyingi tunakichukulia kama kipindi cha kushukuru na kupokea wageni tu, halafu mwezi haujaisha mtu anarudishwa wodini, na kila mmoja anauliza imekuwaje.

Najua kuna atakayesema, bwana shamba, wewe na moyo wa mtu wapi na wapi? Mimi natembelea mashamba. Nikipita barabara ya Kikusya–Ipinda hadi kule Matema, sijaona shamba la kijana linalosimama kwa nguvu za kijana peke yake. Kuna baba mwenye ardhi na anayejua mipaka. Kuna mama anayevundika kakao, anayeanika, anayejua gunia lipi ni la mbegu na lipi ni la kuuza. Mmoja wao akianguka, shamba linayumba. Hilo ni suala la ugani kama ugonjwa wa maganda ya kakao.

Tena tusijidanganye kwamba moyo ni ugonjwa wa wazee sana au wa matajiri wa mjini. Utafiti uliofanyika Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014 uliwafuatilia wagonjwa 427 ambao mioyo yao ilikuwa imeshindwa kusukuma damu vizuri. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55. Ulaya, wengi wa wagonjwa wa namna hii wamepita miaka 70. Chanzo kilichoongoza, kwa karibu 45 kati ya kila 100, kilikuwa presha. Wengine walikuwa na ugonjwa wa misuli ya moyo, na wengine vali zilizoharibiwa na homa ya rumatiki, ambayo huanza na maambukizi ya koo utotoni. Mtu wa miaka 55 hapa kwetu bado anashika jembe na bado anasomesha.

Upande wa matibabu nchi imepiga hatua. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, ilianza kujitegemea mwaka 2015, na upasuaji mwingi ambao zamani ulimpeleka Mtanzania India sasa unafanyika Dar es Salaam. Tuna hospitali ya rufaa ya kanda Mbeya. Ila daktari akishasaini karatasi ya ruhusa, kinachofuata kinafanyika mbali na macho yake. Kutoka Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, halafu uteremke Tukuyu, uingie Kyela, uje Ipinda. Ukifika nyumbani hakuna nesi. Kuna wewe, jiko na chumvi.

Mche ukitoka kitaluni

Nyie mnaozalisha miche ya kakao mtanielewa haraka. Mche ukiwa kitaluni una kivuli, unamwagiliwa kwa ratiba na unaangaliwa kila siku. Ukiutoa siku hiyohiyo ukauchomeka kwenye jua kali shambani, unanyauka, hata kama ulikuwa mzuri kuliko yote. Ndo maana tunapunguza kivuli kidogokidogo, tunachagua siku ya mvua, tunaweka matandazo, na majuma ya mwanzo tunaupitia mara kwa mara. Hakuna mkulima mwenye akili anayesema mche umeshapona, sasa ujitegemee.

Mgonjwa wa moyo naye anatoka kwenye kivuli. Wodini alipimwa kila siku, chakula chake kilikuwa na chumvi kidogo, dawa aliletewa saa yake ikifika. Nyumbani vyote hivyo vinakatika siku moja. Kilichobaki ni mfuko wa dawa na karatasi ambayo mara nyingine hakuna anayeweza kuisoma.

Mwaka jana nilifuatilia nyumba moja ambayo sitaitaja. Mama alirudi kutoka hospitali akiwa anaendelea vizuri. Kijana wake ana ekari 3 za kakao na ni mmoja wa watunza kumbukumbu wazuri ninaowafahamu. Wageni walikuja kwa upendo kabisa, na vyombo vimejaa: wali, samaki wa kukaanga, maharage yaliyolainishwa kwa magadi. Vidonge vya kupunguza maji mwilini mama aliviacha, maana vilimfanya atoke kukojoa kila mara mbele ya wageni na aliona aibu. Siku ya 12 miguu ilikuwa imevimba, na usiku alilala amekaa kwa sababu akijinyoosha pumzi inakata. Wakakodi gari usiku, wakarudi hospitali. Kijana alikaa huko wiki mbili, na kakao iliyoiva ikaharibikia mtini.

Nilimwambia neno moja tu akalielewa. Wewe unayejua kakao yako imepungua gramu ngapi kati ya nyumbani na ghalani, hukujua mama ameongezeka kilo ngapi tangu Jumatatu. Safari ya pili walijipanga, na sasa ni mwezi wa sita mama yuko nyumbani, anachambua kakao akiwa amekaa kitini. Haya hapa chini ndiyo waliyoyafanya, pamoja na ninayoyaona yanafaa nyumba yoyote ya mkulima.

1. Msimamizi mmoja, daftari moja

Kila mtu akiwa anamhudumia, hakuna anayemhudumia. Chagueni mtu mmoja, dada au kaka, ambaye ndiye anayejua dawa zote, saa zake na tarehe ya kliniki. Kabla hamjatoka hospitali, huyo ndiye akae na nesi aulize: hii dawa ni ya nini, nikisahau nifanye nini, chumvi na maji kiasi gani, kazi gani asifanye, na dalili gani zinitoe mbio. Aandike kwa Kiswahili chake mwenyewe. Na dawa isiachwe kwa sababu mgonjwa amepata nafuu. Nafuu hiyo imeletwa na dawa. Kama dawa inamsumbua, mnarudi kwa daktari aibadilishe.

Waliopata shida ya vali kwa homa ya rumatiki mara nyingi wanaandikiwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 au 4, kwa miaka. Wengi wao ni vijana kama nyie. Iwekeni kwenye kalenda ya shamba kama mnavyoweka tarehe ya kupalilia.

2. Mizani

Mgonjwa ambaye moyo wake hausukumi vizuri hujaza maji mwilini kabla hata hajajisikia vibaya, na mizani ndiyo inayowahi kusema. Nunua ile ya kusimama juu yake; bei yake haifiki ya gunia la mpunga. Apimwe kila asubuhi, akishakojoa, kabla ya kula, akiwa na nguo nyepesi, na uandike. Akiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, usisubiri tarehe ya kliniki, nenda kituo cha afya au mpigie simu mtaalamu aliyemtibu. Vivyo hivyo miguu ikivimba, kikohozi cha usiku kikianza, au akihitaji mito mingi ili apumue. Maumivu ya kifua, kuzimia, au pumzi kukata ghafla, hapo ni hospitali saa hiyohiyo, iwe usiku wa manane.

3. Chumvi ina hesabu

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai. Nyumba ya watu 6 kwa siku 30 ni gramu 900. Yaani pakiti mbili za nusu kilo zikiisha kabla ya mwezi, mmeshapita. Na hapo bado hujahesabu chumvi iliyojificha kwenye samaki wa chumvi, mkate, na ule unga wa kuungia mchuzi. Mgonjwa anaweza kupangiwa chini zaidi ya hapo.

Magadi nayo yana sodiamu, ileile iliyomo kwenye chumvi. Maharage loweka usiku kucha, asubuhi mwaga maji hayo, pika. Yataiva bila magadi. Samaki tunao wa kutosha, hilo ni jambo la kumshukuru Mungu: usipa aliyekaushwa juani bila chumvi, mbasa wa kuchemsha na nyanya, limao na tangawizi. Muulize muuzaji kama usipa wake umetiwa chumvi. Na msimpikie mgonjwa sufuria yake ya upweke. Punguzeni chumvi ya nyumba nzima, maana presha haijamaliza kuchagua watu humo ndani.

4. Mawese na wali wetu

Hapa baadhi yenu mtanichukia, kwa sababu michikichi ni hela na mimi mwenyewe nawashauri muitunze. Sisemi muing'oe. Nasema karibu nusu ya mafuta ya mawese ni aina inayoganda, ambayo mgonjwa wa moyo anatakiwa kuipunguza. Kwenye alizeti aina hiyo ni kama sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo mgonjwa apikiwe kwa alizeti, tena kwa kijiko, siyo kwa kumiminia, na kukaanga kupungue. Mawese yauzwe, au yaliwe mara mojamoja.

Wali wa Kyela kumkataza mtu wa Kyela ni kumwongezea ugonjwa. Tatizo ni mlima wa wali wenye mboga ya kuonja. Geuza sahani: nusu mboga na matunda, robo wali au ugali au ndizi, robo samaki au maharage. Pombe, kimpumu ikiwemo, na sigara vikae mbali na huyu mtu.

Na kakao je? Naulizwa sana kama ni dawa ya moyo. Marekani waliwafuatilia wazee zaidi ya 21,000, nusu wakipewa vidonge vya dondoo ya kakao. Matokeo yaliyotoka mwaka 2022 hayakuonyesha kwa uhakika kwamba jumla ya matatizo ya moyo na mishipa yalipungua. Hivyo kakao yako ipeleke mnadani. Usimpe mgonjwa kama mbadala wa vidonge.

5. Mboga ni nzuri, ila uliza dawa kwanza

Shirika hilohilo linashauri angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa mtu kwa siku. Kwa mgonjwa mmoja ni kilo 12 kwa mwezi. Kwa nyumba ya watu 6 ni kilo 72. Huwezi kuzitegemea kwa fungu moja la mchicha la gulio.

Kuna tahadhari mbili ambazo wakulima hatuambiwi. Aliyewekewa vali bandia ya chuma hutumia dawa ya kuzuia damu isigande, na mboga za majani zina vitamini K inayoipunguza nguvu dawa hiyo. Asiache mboga, ila ale kiasi kilekile kila wiki. Ukimletea tenga la matembele kwa furaha wiki hii na wiki ijayo hakuna, vipimo vyake vya damu vitayumba, na hiyo ni hatari kweli. Ya pili, baadhi ya dawa za presha na za moyo huzuia potasiamu isitoke mwilini. Ndizi, parachichi, nyanya na madafu vina potasiamu nyingi. Kwa wengi ni vyakula bora. Kwa wachache vinaweza kuzidisha. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari ni fupi: kwa dawa hizi, ndizi na parachichi ale kiasi gani? Na kabla ya kumpa mitishamba yoyote, uliza vilevile.

6. Kazi za shamba

Mgonjwa kukaa kitandani mwezi mzima si kupona. Wengi wanashauriwa watembee kidogokidogo na kuongeza kila siku, kwa maelekezo ya mtaalamu. Ila kuna kazi za kumwondolea moja kwa moja. Bomba la kupulizia la lita 16 likijaa maji tu ni kilo 16 mgongoni, kabla ya uzito wa bomba lenyewe, ukiachilia mbali sumu. Aliyepasuliwa kifua, mfupa wake unahitaji wiki 6 hadi 12 kuunga. Kuinua gunia, kuvuta ndoo ya kisima na kulima kwa jembe visubiri ruhusa ya daktari. Mpe kazi za akili: kusimamia vibarua, kuandika mauzo, kuchambua kakao akiwa amekaa. Anabaki kuwa mkulima, na wewe unabaki na ujuzi wake.

Kibarua wa kuziba pengo lake awe kwenye bajeti. Usipomuweka, mgonjwa atajiweka mwenyewe. Nawajua wazee wetu: akiona mpunga umezidiwa na magugu, hatakaa.

Tunachopaswa kudai, na tunachopaswa kujenga

Yote hayo nimemtwika kijana, lakini si haki yaishie hapo. Angalieni kakao inavyosafiri. Ikitoka kwako kwenda AMCOS ina stakabadhi, ikitoka AMCOS kwenda ghala kuu ina karatasi, na kila mkono inapopita mtu anasaini kwamba ameipokea, kilo ngapi, hali gani. Mgonjwa wa moyo anatoka hospitali kubwa hadi kitongojini na mara nyingi hakuna anayesaini kumpokea. Kituo cha afya cha karibu wanamjua siku anapoletwa hoi.

Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Basi hii iwe kazi yao mojawapo: hospitali ikimruhusu mtu, kituo chake kijulishwe kwa simu, na mhudumu afike nyumbani ndani ya wiki ya kwanza aangalie dawa, uzito na presha. Halihitaji jengo jipya. Na karatasi ya ruhusa iandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka. Nyie vijana mnahudhuria mikutano ya kijiji. Lisemeni humo, kwa sababu likisemwa na mgonjwa peke yake halisikiki.

Kwenye vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, mfuko wa jamii tunautumia zaidi kwenye misiba. Napendekeza kila kikundi kitenge sehemu ya nauli ya kliniki kwa mwanachama au mzazi wake aliyetoka hospitali. Sisi ni hodari sana wa kuchangia jeneza. Nauli ya kliniki ni ndogo mara nyingi zaidi, na inaweza kulisogeza jeneza mbali.

Kisha biashara, maana najua nazungumza na nani. Tuna maji kila upande, mito inateremka hadi ziwani, lakini kabichi na karoti tunangoja zishuke kutoka Rungwe. Tenga hata robo ekari. Inua matuta juu, maana mvua zetu hazina huruma. Mchicha unavunwa baada ya wiki 3 hadi 4, kwa hiyo panda kwa awamu kila baada ya wiki 2 ili usikose. Ongeza chainizi, majani ya maboga na mnafu. Zingatia siku za kusubiri baada ya kupulizia dawa kabla hujavuna. Anza na nyumba chache zinazohitaji mboga za uhakika kila wiki, wapelekee kiasi kilekile, siku ileile. Huyo wa vali bandia niliyemtaja juu ndiye mteja anayehitaji usibadilikebadilike, na mteja wa namna hiyo ndiye anayemweka mkulima mjini na kijijini.

Mwisho, kuhusu wageni. Mila yetu ya kumtembelea mgonjwa ni nzuri na isife. Mwambie tu shangazi mapema, kwa adabu: mama amekatazwa chumvi nyingi na mafuta, ukija tuletee ndizi mbivu au papai kama daktari ameruhusu, au njoo utusaidie kuanika kakao saa moja ili mimi nimpeleke kliniki. Hakuna shangazi wa Ipinda atakayekataa. Wengi wanaleta chakula kwa sababu hakuna aliyewaambia kitu kingine cha kuleta.

Kama nyumbani kwako yupo mtu anayeruhusiwa wiki hii, nunua daftari na mizani kabla gari halijafika. Mchicha nao usie leo.